Ndege Wahamiaji wa Mida Creek Msimu wa Kaskazi: Mwongozo Kamili kwa Waliokwenda Wakarudi Bila Kuona Kitu

Kila msimu huu ukifika swali ni lile lile. "Tulienda Mida na watoto, tukatembea mpaka mwisho wa daraja, tukaona tope tu na vidoti vya kijivu huko mbali, tukarudi." Mmoja analaumu binokula, mwingine anamlaumu mwongozaji, mwingine anasema ndege wameisha. Hawajaisha jamani. Shida karibu kila mara ni moja, mmeenda kwa saa ya ukutani wakati ndege wanaenda kwa saa ya maji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupeleka kikundi kidogo, familia, klabu ya shule, marafiki wa kazini, pale kwenye hori la Mida, ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na mwongozaji wa pale pale. Baridi ikibana Siberia na Ulaya huku kwetu ni kaskazi, jua kali, na ndo wakati wageni wenyewe wako.

## Vitu vya kubeba

Binokula. Nzuri ni 8x42. Ile namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Msidanganyike na zile za barabarani zilizoandikwa 20x au 30x, mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anaruka huku na huku ndani ya kioo. Mbili au tatu kwa watu sita zinatosha, mnapokezana.

Skopu, yaani darubini kubwa ya jicho moja, na stendi yake. Hii usinunue. Hakikisha tu mwongozaji anayo, manake Mida ni pana, kilomita za mraba 32 hivi, na bila skopu nusu ya ndege utawasikia tu wakitajwa.

Daftari na penseli. Simu sawa, ila juani skrini haisomeki na chaji inaisha.

Picha za ndege. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki au app ya Merlin, na hiyo app idownload mkiwa nyumbani pamoja na pakiti ya ndege wa huku, msitegemee bando kule kwenye mikoko.

Viatu vya kufunga vinavyoweza kuloa. Ndala zinabaki kwenye tope, na chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko wanakata kama wembe.

Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, nguo za rangi iliyopoa. Kaki, kijani, kijivu. Nyeupe na ile njano ya jezi ziacheni.

Hela. Malipo ya KWS (shirika la wanyamapori la serikali) siku hizi ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, sio keshi, kwa hivo uliza mapema kama matembezi yenu yanaingia kwenye kiingilio chao. Ada ya daraja na ya mwongozaji ni vitu tofauti, ulizia zote kabla ya kutoka nyumbani ili msianze kubishana mbele ya watoto.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Ndege hawa wa topeni wanaanza kuingia Agosti na Septemba, wanajaa Novemba mpaka Machi, na Aprili wengi wanaondoka. Ukiniuliza mimi, kwa mara ya kwanza nenda Januari au Februari. Idadi inakuwa imetulia na mvua ni chache.

Lakini kama umeshaenda mara kadhaa jaribu mwanzoni mwa Aprili. Wale waliokuwa kijivu msimu mzima wanavaa rangi za kwenda kuzalia, kuna mmoja, kalyu sandpaipa, anageuka mwekundu wa matofali kifuani, huwezi kuamini ni yule yule.

Juni na Julai usimpeleke mtu kwa ajili ya hawa. Utakuta wachache, mara nyingi vijana ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, hawakuona sababu ya kufunga safari.

## Hatua ya 2: Chagua maji (hapa ndo wengi wanaanguka)

Soma hii sehemu mara mbili, zilizobaki hata ukipitia haraka sawa.

Maji yakipwa tope linafunguka kilomita na kilomita, na ndege wanatawanyika kula kila mahali, wengine mbali kabisa katikati. Ndo vile vidoti. Maji yakianza kujaa tope linapungua taratibu na ndege wanasukumwa kuja upande wa mikoko, yaani kwako, wakila mbio mbio kabla chakula hakijafunikwa. Yakijaa kabisa wanaacha kula, wanajikusanya sehemu kavu kulala au wanaondoka machoni pako. Kwa hivo dirisha lako ni kama muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa mpaka karibu na kujaa. Nje ya hapo unabahatisha.

Sasa siku gani? Wavuvi wanajua hii bila kufungua kitabu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua, maji yanapwa sana na kujaa sana. Pwani yetu siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai vizuri wala hayapwi vizuri, tope jingine halifunikwi kabisa, na ndege hawana sababu ya kukusogelea.

Ukiweka hayo pamoja jibu linakuja lenyewe: nenda siku za bamvua au siku moja baada yake, uwe umekaa kwenye kibanda cha mwisho wa daraja saa nane mchana, uangalie mpaka saa kumi. Na kuna faida nyingine, Mida kijijini ni upande wa magharibi wa hori, kwa hivo mchana jua linakuwa mgongoni kwako linawamulika ndege. Asubuhi jua liko usoni, kila kitu kinakuwa kivuli cheusi alafu mnaanza kubishana rangi za miguu ambazo hakuna anayeziona.

Kasoro ya huo mpango ni joto. Saa nane bado kuna ule mvuke unaocheza juu ya tope na skopu inaonyesha kama unaangalia kupitia moto wa jiko. Kuanzia saa tisa hivi unapungua, na kwa bahati nzuri ndo ndege nao wanakuwa karibu, kwa hivo msikate tamaa ile nusu saa ya kwanza.

Angalizo la majedwali. Jedwali la maji la Kilindini (bandari ya Mombasa) linatumika vizuri tu, ila mlango wa Mida ni mwembamba na maji huku ndani yanachelewa kidogo kuliko baharini, muulize mwongozaji anaongeza dakika ngapi. App nyingine zinaonyesha saa za Greenwich, hapo ongeza saa tatu. Na 16:00 ni saa kumi jioni, usicheke, kuna watu wamefika saa kumi na mbili maji yameshaanza kurudi.

Utajua umepatia kama ukifika unaona tope bado ni kubwa lakini vile vijito vya katikati vinatiririka kuja ndani, sio kutoka.

## Hatua ya 3: Tafuta mwongozaji na muulize maswali haya

Waongozaji wapo, vijana wa Mida, Gede na Watamu, wengine wamekulia kwenye hilo hori. Daraja la mbao la Mida lilijengwa chini ya mpango wa ASSETS wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na mapato yake yanasaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hivo kulipa pale sio kutupa hela.

Piga simu siku kadhaa kabla. Uliza kama ana skopu inayofanya kazi, kama daraja liko wazi na mbao ni nzima (chumvi na mbao haviishi vizuri), na maji siku hiyo yanajaa saa ngapi. Hilo la mwisho ni mtihani. Akikujibu papo hapo, huyo ni wako. Akikwambia "njoo saa yoyote tu bro, ndege wapo," shukuru na utafute mwingine.

Watu sita mpaka nane kwa skopu moja. Mkiwa ishirini na wa shule gaweni zamu, kundi moja liende daraja, jingine likae chini ya miti na mwalimu wakichora kaa.

## Hatua ya 4: Kufika

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, kama kilomita 100 hivi, mwambie konda unashuka Mida, ni kabla ya Gede. Ukiona mmefika njia panda ya Gede umepitiliza, chukua boda urudi. Kutoka Malindi au Watamu ni karibu, tuktuk au boda inatosha.

Panga kushuka saa saba kasorobo. Kula, jisaidieni, pakeni mafuta ya jua, manake mkishafika kwenye kibanda hamna kwenda na kurudi.

## Hatua ya 5: Daraja na kibanda

Daraja ni la kuning'inia, limepita katikati ya mikoko na michu mita kama 260, mwisho wake kuna kibanda kinachotazama tope. Hapa kuna sheria chache, na kila moja ina sababu.

Tembeeni mkiachana hatua kadhaa. Likibeba watu wengi pamoja linayumba, na wanaoogopa wanapiga kelele, na kelele ndo ndege wanaisikia kabla hawajakuona.

Mkifika, kaeni. Ndege akiona binadamu amesimama wima dhidi ya anga anajua kabisa ni nini, ukikaa unakuwa sehemu ya kibanda. Na skopu ikishalengwa hakuna mtu kutembea, mbao zinapitisha mtikisiko, mtoto mmoja akirukaruka huku mwisho ndege anaruka nje ya kioo kwa kila mtu.

Wakati mnasubiri macho yazoee, angalieni chini. Kuna kaa wadogo dume wenye gando moja kubwa kupita kiasi, wanalipunga juu chini, juu chini, kila mmoja mbele ya tundu lake, na samaki wale wa topeni wanaotembelea mapezi na kurukia mizizi. Watoto wengine watakumbuka hao kuliko ndege, sio mbaya. Isitoshe hapo ndo wanaelewa ndege wamefuata nini.

Angalizo kubwa: msishuke topeni kuwafukuzia mpige picha. Kwanza mnazama, na maji ya bamvua yanaingia haraka na kuwazunguka kwa nyuma. Pili, ndege mdogo kama litol stinti ana gramu 25 hivi, na kalyu sandpaipa anatakiwa kurudi mpaka kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000, kwa mafuta anayoanza kuyaweka hapa hapa. Saa za kula ni chache, na kila mkimrusha anachoma akiba. Droni pia sahau.

Wavuvi na akina mama wanaookota chaza wako kazini kwao. Salimieni vizuri, mzee mpe shikamoo yake, na picha muombe kwanza.

## Hatua ya 6: Kutambua, anza na mwendo

Wanaoanza wanatafuta rangi. Msimu huu karibu wote ni kijivu juu, nyeupe chini, kwa hivo rangi itakuchanganya tu. Jiulize kwa mpangilio huu: anatembeaje, mdomo umekaaje, miguu ina rangi gani, akiruka anaonyesha nini.

Krab plova (Dromas ardeola). Anza na huyu, ndo nyota wa Mida na huwezi kumkosea. Mweupe na mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, mdomo mnene mweusi ambao ukiuona unajua ni wa kuvunja kaa. Anatembea kidogo, anasimama, anakimbia ghafla, anadaka. Angalieni wakiwa wawili, mmoja mweupe safi na mwingine kijivu kijivu anamfuata nyuma kainamisha kichwa akilialia, huyo ni mtoto bado anadai chakula miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Wanazaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga huko Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu, wanachimba shimo na kutaga yai moja jeupe ndani, joto la mchanga linasaidia kuliatamia. Alafu kaskazi wako hapa. Njia ile ile ya majahazi, ukitaka kufikiria hivo.

Terek sandpaipa. Mdomo umepinda kwenda juu, miguu mifupi ya njano-chungwa, na mwendo wa mtu aliyechelewa matatu, anakimbia ameinama mbele anabadili njia kila sekunde. Watoto wanampenda sana.

Kalyu sandpaipa. Mdomo umepinda kwenda chini taratibu, wako kwa makundi, wanachoma choma tope vichwa vikiwa chini. Akiruka kiuno ni cheupe.

Sululu. Wapo wa aina mbili, mdogo na mkubwa. Yule mdogo, wimbreli, mdomo umepinda zaidi kwenye ncha, kichwani ana mistari, na analia kwa mfululizo wa haraka ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, utamsikia kabla ya kumuona. Mkubwa mdomo wake ni mrefu mpaka unajiuliza anaulalia vipi, na kichwa hakina mistari.

Grey plova. Anasimama peke yake, mnene, macho makubwa, kama kuna kitu kimemhuzunisha. Subiri aruke: kwapa ni jeusi. Umemaliza.

Grinshanki. Mrefu, miguu ya kijani, anakimbiza samaki wadogo kwenye maji ya kina kifupi. Akishtuka anapiga tyu-tyu-tyu na kundi zima linaondoka naye, ndo mlinzi wa pale.

Kitwitwi wa pembeni. Yuko kwenye mizizi chini yenu, anatikisa mkia bila kupumzika.

Sand plova. Wapo wadogo na wakubwa, wote mviringo, wote wanakimbia na kusimama, na hata wazoefu wanabishana. Andika "sand plova" uendelee na maisha. Nawaambia hivi manake nimeona vikundi vimemaliza dakika ishirini kwenye ndege mmoja huku krab plova wakipita nyuma yao.

Wengine hawahitaji maelezo: heroe wakiwepo, korongo, yangeyange (wapo weupe na wapo weusi, msishangae), buabua wamejipanga kwenye kichanga, na furukombe juu ya mti mkavu na samaki wake.

Utajua imefanikiwa kama kila mtu, hata wa miaka tisa, anaweza kukuonyesha ndege watano na kukwambia kwa nini ni huyo. Watano wanatosha siku ya kwanza. Orodha ya aina arobaini aliyoisoma mwongozaji peke yake haina maana.

## Hatua ya 7: Hesabu na uandike

Usihesabu mmoja mmoja kundi likiwa kubwa. Hesabu kumi, angalia hiyo kumi inachukua nafasi kiasi gani kwenye skopu, alafu pima kundi lote kwa nafasi hiyo hiyo. Mtu mmoja anaangalia na kutaja, mwingine anaandika, wasibadilishane katikati.

Andika tarehe, saa mlizoanza na kumaliza, hali ya maji, halafu ndege. Mkifika nyumbani ingizeni eBird au Kenya Bird Map, mitandao ya kuandikisha ndege mlioona. Hali ya maji watu wanaisahau, na bila hiyo hesabu ya krab plova 12 haisemi kitu, inawezekana walikuwa 300 upande wa pili.

Kama mnataka hesabu yenu iende mbali zaidi, kila Januari kunafanyika hesabu ya ndege wa majini nchi nzima, Nature Kenya na Makumbusho ya Taifa wanahusika. Wasiojua wanakaribishwa wakaandike tu, na ukikaa karibu na anayehesabu kwa siku moja utajifunza zaidi ya ulichosoma hapa.

## Hatua ya 8: Maji yakishajaa

Saa kumi tope limekwisha. Wengi wanaondoka, na ni haki yao, ila kama mna usafiri wenu subirini. Miezi hii keremkerem wekundu, wale wa rangi ya waridi iliyokolea na kichwa cha kijani-buluu, wanakuja kulala kwenye mikoko jua likikaribia kuzama, kwa makundi. Kaeni mbali na miti wanayolala, na tochi msiwashe kuwaelekea.

Mnaotegemea matatu msisubiri mpaka giza barabarani. Ongea na boda mapema akuwekee namba yake.

## Ikikataa

*Ndege wote wako mbali na maji hayasogei:* ni maji mafu, angalia mwezi.

*Hamna hata mmoja na maji yako kwenye mizizi:* mmechelewa, yamejaa. Subirini, yakianza kutoka watarudi, ingawa watarudi wakienda mbali.

*Wanaruka wote kila dakika chache:* angalia juu, labda kuna mwewe. Kama hakuna, angalieni nguo na kelele zenu.

*Kila kitu ni cheusi kwenye skopu:* mmeenda asubuhi.

*Mwongozaji anataja majina tu bila kuonyesha:* mwambie kwa upole, "kaka, tuonyeshe mmoja, tukae naye dakika tano." Wengi wanafurahi, ni wageni wa haraka haraka waliowazoesha kutaja orodha.

Na kama siku imeharibika kabisa, bamvua nyingine iko wiki mbili mbele, mpigie mwongozaji siku hiyo hiyo umwambie akuwekee mchana wake kabla haujachukuliwa na hoteli za Watamu.